Koti la kiwambo lililoachia mshono: kisa kimoja cha Texas

Koti lililowekwa mezani kwangu, la kuvika kiwambo cha sauti, lile bomba linalofungwa mbele ya mtutu wa bunduki kupunguza kishindo, lilikuwa limeshonwa vizuri. Naanza na hilo kwa sababu aliyelishona, shemeji yangu, alikuwa ameshajihukumu kwamba hajui kushona. Pindo zilinyooka, kona zilikazwa mara mbili. Nje alitumia nailoni nzito nyeusi ya mabegi, ndani akaweka bitana ya tabaka mbili za faibaglasi aliyoikata kwenye blanketi la mafundi wa kuchomelea. Hata hivyo mshono mrefu ulikuwa umeachia juu hadi chini, ukingo wa nailoni umejikunja na kukakamaa, na velkro ya kufungia imeyeyuka nusu. Kiwambo cha sauti chenyewe kilibaki na mstari mweusi wa plastiki iliyogandia titani, chuma kilichotengenezewa kiwambo hicho, na mstari huo ulifuata njia ya mshono sawasawa.

"Fundi, kitambaa kimeniangusha," aliniambia.

"Kitambaa ndicho pekee kilichopona, shemeji. Hebu nionyeshe uzi."

Alikuwa ametumia polista ya kawaida, ile ile ninayoitumia mimi kwa viti vya magari.

Kwanza mazingira ya kisa. Shemeji anaishi kusini mwa Texas, ambako nguruwe mwitu huingia mashambani usiku na kufukua mazao ekari kwa ekari. Wenye mashamba huwaruhusu wawindaji waingie, na mengi ya mawindo hayo hufanyika gizani. Bunduki yake ni ya risasi za .308 (hicho ni kipimo cha unene wa risasi, kwa inchi), na mbele ya mtutu imefungwa kiwambo cha titani chenye urefu wa sentimita 19 na kipenyo cha sentimita 4. Kiwambo hicho kimesajiliwa. Marekani imekuwa ikisajili viwambo tangu sheria ya silaha ya mwaka 1934, na kodi ya dola 200 iliyokwenda na usajili huo ilishushwa hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ingawa usajili wenyewe umebaki. Koti la nje ni kitambaa tu, halimo katika usajili huo. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya anajua kwamba kwetu silaha ni jambo la kibali tangu hatua ya kwanza, kwa hiyo kisa hiki kisomwe kama kilivyo, cha Texas.

Shemeji alikuwa na sababu tatu za kutaka koti. Ya kwanza ni mkono wake: mara mbili alijiunguza akirudisha bunduki kwenye begi, na begi lenyewe likatoboka bitana. Ya pili ni mazigazi. Darubini hukaa sentimita chache tu juu ya mtutu, na hewa inayopanda kutoka kwenye kiwambo cha moto hupita mbele ya lenzi. Hewa moto hupindisha mwanga tofauti na hewa baridi, kwa hiyo shabaha huonekana ikichezacheza kama inaelea. Risasi haijabadili njia yake, bali jicho limedanganywa kuhusu mahali shabaha ilipo, na mpigaji anasahihisha kosa ambalo halipo. Ya tatu ni ya usiku. Anatumia darubini inayoona joto, na ndani yake kiwambo kilichopata moto hung'aa chini ya picha na kumsumbua jicho wakati anamtafuta mnyama.

Sababu hizo zote ni za kweli na koti linaweza kusaidia zote tatu. Lakini lazima mtu ajue joto hilo linatoka wapi, maana hapo ndipo hesabu ya shemeji ilipoanza kupinda.

Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo mwaka 1909, alishughulika pia na kunyamazisha injini, na kazi hizo mbili ni ndugu. Gesi inayotoka kwa kishindo hupewa vyumba vya kupanukia, ipunguze kasi na kupoa kabla haijafika nje. Sasa ikiwa gesi inapoa, joto lake limekwenda wapi? Limeingia kwenye chuma. Kwa hiyo kiwambo kinachopata moto hakina hitilafu, kinafanya kazi yake. Risasi moja ya .308 huchoma karibu gramu 3 za baruti, na baruti hiyo hutoa kilojuli 11 hivi. Risasi yenyewe huondoka na takriban theluthi moja, na zilizobaki hugawanyika kati ya mtutu na gesi. Kiwambo kikichukua kilojuli moja na kitu tu kwa kila risasi, na uzito wake ni gramu 400 za titani, hesabu inatoa ongezeko la nyuzi 6 za Selsiasi hivi kwa kila risasi. Hiyo ni hesabu ya penseli, si ya maabara, lakini inatosha kumwonya mtu. Shemeji alikuwa amejaribu koti lake uwanjani kwa risasi 40, haraka haraka, kwenye siku ya nyuzi 30. Zidisha mwenyewe.

Yeye hakuzidisha. Alipima, na hapo simlaumu, maana kupima ni jambo jema. Alitumia kile kipimajoto cha kulenga, cha aina tuliyoelekezewa usoni malangoni wakati wa UVIKO-19, ila chake ni cha mafundi na hupima hadi nyuzi mia kadhaa. Alipiga risasi 40 bila koti, akalenga kiwambo, kikasoma nyuzi 140. Akaangalia kwamba nailoni na polista huyeyuka karibu na nyuzi 250 na kitu, akaona ana nafasi kubwa ya usalama, akashona.

Kipimo hicho kilikuwa na kasoro ambayo wengi hawaijui, na ningependa kila fundi anayefanya kazi karibu na chuma cha moto aijue. Kipimajoto cha aina hiyo hakigusi kitu. Kinasoma miale ya joto inayotoka kwenye uso wa kitu, kisha kinakisia joto lake kwa kudhani uso huo ni wa weusi usiong'aa. Ngozi ya mtu, mbao, kitambaa na rangi nyeusi vinakubaliana na dhana hiyo. Chuma kinachong'aa hakikubaliani. Chenyewe hutoa miale kidogo na kuakisi miale ya vitu vilivyo karibu, kwa hiyo chombo husoma chini sana ya ukweli. Tulinunua kopo la rangi nyeusi ya majiko, isiyong'aa, nikapaka doa la ukubwa wa sarafu ubavuni mwa kiwambo. Tukarudi uwanjani, risasi 40 tena bila koti. Kwenye chuma kitupu: 140 na kidogo. Kwenye doa, sentimita mbili pembeni yake, sekunde ile ile: 250.

Hapo shemeji alikaa kimya akitazama kile kioo kidogo. Nafasi ya usalama aliyoitegemea haikuwahi kuwepo.

Na bado kuna la pili. Alipima bila koti, kisha akatumia likiwa limevaliwa. Koti halipozi chochote. Linafanya kazi ile ile ya chupa ya chai: linazuia joto lisitoke. Kiwambo kitupu hupoteza joto kwa upepo na kwa miale kati ya risasi na risasi, ila kilichovikwa hubaki na karibu kila kilojuli kilichoingia. Kwa hiyo joto lililolifikia koti siku ile lilizidi 250 na likakaa hapo muda mrefu zaidi. Uzi wa polista hulainika na kupoteza nguvu kabla haujafika kuyeyuka, na nailoni vilevile. Mshono uliokuwa unavutwa na mkazo wa koti usingeweza kusimama.

Lakini swali langu kama fundi lilikuwa jingine. Mbona nailoni ya nje, iliyokuwa nyuma ya tabaka mbili za faibaglasi, iliungua ukingoni tu, na katikati ikapona kabisa? Jibu lilikuwa kwenye namna alivyounganisha. Alilaza pande mbili, akapiga mshono mmoja unaopenya tabaka zote, na makunjo ya ndani akayaelekeza kwenye kiwambo, kama tunavyofanya kwenye nguo yoyote ili nje ipendeze. Kwenye nguo ni sawa. Hapa ilimaanisha kwamba uzi, pamoja na kipande cha ukingo wa nailoni, vililala moja kwa moja juu ya titani. Bitana ilikinga kila mahali isipokuwa mahali pekee palipobeba koti zima. Ule mstari mweusi kwenye chuma ulikuwa umeshatuambia hivyo, ni kwamba tu tulikuwa tunautazama kama uchafu.

Kabla ya kukata kitambaa kipya, tulifanya jaribio dogo jikoni kwangu, madirisha wazi. Nikaweka bamba la chuma juu ya jiko la gesi, nikafunga juu yake waya wa kupimia joto unaogusa chuma chenyewe, kisha nikapanga vipande vya nyuzi: pamba, nailoni, polista, na aramidi, ule uzi wa manjano wa jamii ya Kevlar. Joto likipanda, nailoni na polista zilijikunja kuwa vitone na kushika bamba. Pamba haikuyeyuka, ila iligeuka hudhurungi, kisha nyeusi, na ikavunjika nilipoigusa. Aramidi ilikolea rangi tu. Jamii hiyo haiyeyuki kabisa, inaanza kuharibika yenyewe joto likipita nyuzi 400 na kitu. Kasoro yake ni jua, kwa kuwa mwanga wa jua huidhoofisha polepole, na mshono wa nje unaoanikwa kila siku utachoka. Kwa koti linalokaa begini hilo halinitishi.

Bitana ilihitaji uamuzi wake. Faibaglasi ya kawaida hustahimili nyuzi 500 na zaidi, na kitambaa cha silika hukaribia 1,000. Bunduki ya kuwindia yenye subira haihitaji silika. Nilibaki na faibaglasi, ila nikaepuka ile iliyopakwa silikoni kwa upande unaogusa chuma, maana silikoni huanza kutoa moshi na harufu joto likizidi nyuzi 200 na kitu, na mtu ameweka shavu lake karibu na mahali hapo. Teflon niliikataa kwa sababu hiyo hiyo na kwa ukali zaidi, kwani ikiunguzwa sana hutoa mvuke unaomletea mtu homa na kifua kubana.

Juu ya asbesto niseme wazi, kwa sababu bado ziko kwenye maghala na karakana nyingi, za huku na za kwetu: glovu za zamani, kamba za kuzibia majiko, mikeka ya kuwekea chuma cha moto. Zinahimili joto vizuri na ndiyo maana mtu hushawishika. Vumbi lake husababisha saratani, hilo limethibitika, na kitu kinachotikiswa na kishindo kila kinapotumika kitatoa vumbi. Pamba ya seramiki nayo siitaki kwenye kitu cha kushikwa mkononi, maana nyuzinyuzi zake laini huingia mapafuni na zimeorodheshwa kuwa huenda zinaleta saratani. Hata faibaglasi ya kawaida, ambayo haimo katika kundi hilo, huwasha ngozi kwa siku nzima, kwa hiyo nilikata nikiwa na barakoa, glovu na mikono mirefu, nikafuta meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Sasa ushonaji. Kosa ambalo mtu asiye fundi hulifanya ni kukata bitana na kitambaa cha nje kwa kipimo kimoja. Kiwambo chenye kipenyo cha milimita 40 kina mzingo wa milimita 126. Ukiweka bitana ya unene wa milimita 3 pande zote, kipenyo cha nje kinakuwa 46, na mzingo 145 hivi. Tofauti ni karibu sentimita mbili. Ukiisahau, ama koti halifungi, ama bitana inajikunja ndani na kuacha mifereji ya hewa moto. Nilikata bitana kwa mzingo wake, nje kwa mzingo wake, kisha nikaongeza upindo upande wa nje peke yake.

Faibaglasi hupukutika ukingoni ukiikata tu, na ikikunjwa kwa ncha kali nyuzi zake huvunjika. Nilipaka gundi nyembamba kwenye mstari kabla ya mkasi kupita, nikakunja kwa mviringo mpana, na nikaweka mishono mirefu, kama milimita 4, kwa sababu mishono mifupi huitoboa na kuikata kama karatasi ya stempu. Sindano huwa butu upesi kwenye kitambaa hiki, na kila iliponguruma nilibadilisha. Nje niliachana na nailoni, nikatumia kitambaa cha aramidi kutoka kwenye koti la zimamoto lililochakaa. Nailoni ingeweza kufaa kwa kuwa iko mbali na chuma, lakini nilitaka pasiwe na kitu chochote cha kuyeyuka kwenye koti hili, hata likivaliwa vibaya.

Mshono mrefu niliupeleka nje. Pande mbili zimekutana zikiwa zimesimama juu, kama ubavu, na bitana imepita chini yake bila kukatika kwa sentimita mbili kila upande. Uzi haugusi chuma popote. Haipendezi macho kama kazi ya shemeji ilivyokuwa inapendeza, na mtu akiitazama atadhani imeshonwa ndani nje. Acha adhani.

Kufunga ndiko kulikonisumbua zaidi. Kishindo cha kila risasi hulisogeza koti, na mara nyingi hulisogeza mbele. Hilo ni hatari kweli, si usumbufu tu: koti likipita mdomo wa kiwambo, linaingia kwenye njia ya risasi na kwenye ule mlipuko wa gesi. Kwa hiyo mbele koti liliishia sentimita moja nyuma ya mdomo, na nyuma nililifunga kwa mikanda miwili ya aramidi yenye bizimu za chuma, mmoja katikati na mwingine nyuma kabisa ukivuka mahali kiwambo kinapokutana na mtutu. Kipenyo hupungua pale, hivyo mkanda hauwezi kupanda kuelekea mbele. Nilichora mstari wa chaki kwenye kiwambo ili tuone kama koti linatembea.

Uwanjani tulipiga risasi 10 na kukagua, 10 tena na kukagua, hadi 40. Koti halikusogea kwenye chaki. Mshono ulikuwa mzima. Kwenye darubini mazigazi ya mbele yalipungua sana, na shemeji, ambaye si mtu wa kupayuka, alinishika bega na kuniambia niangalie mwenyewe. Yaliyobaki yalikuwa yanatoka kwenye mtutu, na hayo koti la kiwambo haliyagusi. Wapigaji wa shabaha huko huyapunguza kwa utepe mpana ulionyooshwa juu ya mtutu, kutoka karibu na darubini kwenda mbele, ili hewa moto itokee pembeni.

Kuhusu mkono, hapa lazima mtu aambiwe ukweli. Baada ya risasi 40 nje ya koti mkono ulivumilia kwa muda mfupi. Dakika chache baadaye palikuwa pa moto zaidi, kwa sababu joto bado lilikuwa linasafiri kutoka ndani. Anayedhani kwamba kwa kuwa risasi zimekwisha hatari nayo imekwisha, atashika wakati mbaya kabisa. Tumekubaliana hivi: duru ikiisha, bunduki inafunguliwa na kuhakikishwa haina risasi, inawekwa chini ikielekea upande salama, kisha koti linavuliwa kwa glovu nene ya ngozi ili kiwambo kipoe kikiwa kitupu. Kukiacha kimevikwa duru baada ya duru ni kukipika, na kila chuma kina mpaka wake. Titani hupoteza nguvu nyingi joto likipita nyuzi 400, alumini huanza mapema zaidi, na vipo viwambo vyenye sehemu za alumini. Mwenye kiwambo cha namna hiyo asome karatasi ya mtengenezaji kabla hajakivika chochote.

Ile plastiki iliyogandia niliitoa kikiwa kimepoa, kwa kipande cha mbao ngumu na uvumilivu. Shemeji alipendekeza jiwe la kusagia, nikakataa. Ukuta wa kiwambo umepimwa unene wake na aliyekitengeneza, na ukarabati wa mwili wa kiwambo ni wa wenye leseni, si wa fundi wa viti.

Limebaki jambo moja ambalo sijaridhika nalo. Bizimu za chuma zinapata moto kuliko kitambaa kinachozizunguka, na kwenye ile darubini ya usiku zinaonekana kama nukta mbili zenye mwanga. Nimekata vipande vya aramidi vya kuzifunika, vyenye ulimi wa kuvutia kwa glovu, na nitavishona wiki hii kabla msimu wa mahindi haujaanza kuwaita nguruwe tena.